Sura ya Saba: Kadi Iliyowekwa Bondi

Kadi ya benki anayotembea nayo mwalimu wa Mwimbi, mkoani Rukwa, haimkopeshi hata shilingi moja. Inatoa kilichomo kwenye akaunti, kikiisha, inakataa. Vitabu vya fedha vinavyoandikwa Marekani na Uingereza vinaanzia mahali pengine kabisa: mtu ana kadi nne au tano zinazomkopesha, kila moja ina riba yake, na swali ni aanze kulipa ipi. Tanzania kadi za namna hiyo zipo, ila wanaozibeba ni wachache mno. Huku uwanda wa Ufipa, mtumishi akikwambia kadi yake ina deni, ana maana kadi yenyewe haiko naye. Ameiweka bondi. Iko kwa mkopeshaji, Matai au Sumbawanga mjini, pamoja na namba yake ya siri.

Hakuna anayeamka tu asubuhi akaenda kuweka kadi bondi. Njia ya kufika huko ni ndefu na inaanzia kwenye slipu ya mshahara, kwa hiyo tuianzie hapo.

Tumchukue mwalimu wa mfano mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Alisoma chuo kikuu kwa mkopo, hivyo Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15, yaani 105,000. Mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5: 35,000. Bima ya afya, asilimia 3: 21,000. Chama cha walimu, asilimia 2: 14,000. Kodi ya mapato kwa viwango vilivyoanza 2021 inafika kama 49,000. Jumla imekwenda 224,000 kabla hajakopa popote kwa hiari yake, na mkononi zimebaki 476,000.

Sasa inaingia kanuni ambayo kila mtumishi anaijua kwa jina moja tu, "theluthi". Makato yote yakishatoka, lazima ibaki angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Theluthi ya 700,000 ni 233,000 na ushee. Maana yake benki inaweza kumkata mpaka kama 242,000 kila mwezi, na afisa mikopo atamwonyesha mkopo mnono wa miaka mingi unaojaza nafasi hiyo yote. Mwalimu anasaini. Anajenga, au ananunua pikipiki, au anasomesha mdogo wake. Siku nafasi ikijitokeza kidogo, labda kwa kupanda daraja, benki inampigia kumwambia anaweza kuongezewa mkopo juu ya ule wa zamani. Anasaini tena. Kuanzia hapo anaishi kwa 233,000, na benki zote zimemfungia mlango kihalali, kwa kuwa theluthi imeguswa.

Kanuni hii iliwekwa kumlinda, na kwa kiasi fulani inamlinda. Lakini ada ya mtoto aliye shule ya kulipia haiijui theluthi. Msiba nao hauijui, wala mbolea ya kupandia inayotakiwa Novemba, mvua inapoanza, wakati mahindi ya msimu uliopita yameshaliwa au yameshauzwa. Watu hupenda kumkumbusha mwenye deni kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo haimsaidii kitu mtu aliyekopa ili akazike.

Kituo cha kwanza ni simu. M-Pawa ilianza 2014, na tangu hapo kila mtandao umekuja na wake: Songesha, Nivushe, Timiza. Ni mikopo midogo, haina maneno mengi, na inajilipa yenyewe, kwa kuwa hela ikiingia tu kwenye simu inakatwa kabla hujaiona. Ndiyo maana utamkuta mtu wa Mwimbi ana laini tatu. Laini moja imefungwa na deni, nyingine anapokelea hela, ya tatu anakopea. Kituo cha pili ndicho cha hatari: mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye biashara yake nchi nzima inaitwa kausha damu.

Masharti yake hayatofautiani sana popote uendapo. Unachukua 200,000 leo, unarudisha 260,000 mshahara ukisoma. Unaacha kadi na namba ya siri. Mara nyingi unasaini pia karatasi, na karatasi hiyo haisemi umekopa. Inasema umemuuzia pikipiki, au kiwanja, au televisheni, kwa bei mliyoandika. Ukishindwa, anakuja kuchukua "mali yake".

Ukitaka kuona ukubwa wa jambo hili, kasimame karibu na mashine ya kutolea fedha Sumbawanga siku mishahara inapoingia. Foleni ni ya kawaida, halafu anafika kijana mmoja na bunda la kadi zilizofungwa kwa mpira. Kila kadi imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina na tarakimu nne. Anaingiza moja, anatoa hela, anaihesabu, anaitia kwenye bahasha, anachukua nyingine. Waliomo kwenye foleni wanaguna, lakini hakuna anayemwambia kitu, na wapo wanaoangalia pembeni kwa sababu kadi zao zimo kwenye bunda lile. Baadaye simu inalia.

"Mwalimu, mzigo umesoma. Nimeshatoa changu, chenji nakurushia kwa simu."

"Sawa bosi. Nisaidie basi na ya kutolea."

Mwenye mshahara ndiye anayeomba nauli ya fedha yake mwenyewe.

Hesabu ya deni hili lazima ifanywe kwa kalamu, maana kichwani inadanganya. Mwezi wa kwanza mwalimu hawezi kulipa 260,000. Mshahara uliobaki wote haufiki hapo. Kwa hiyo analipa "riba tu", 60,000, na ile 200,000 inabaki vilevile kwa mwezi mwingine. Mwezi wa pili hivyohivyo. Baada ya miezi sita ametoa 360,000 na anadaiwa 200,000 ileile na riba yake. Ukimuuliza anadaiwa kiasi gani, atakujibu kwa dhati kwamba ni laki mbili. Analipa kila mwezi bila kukosa, na kila mwezi deni limesimama palepale.

Angeruhusiwa kutoa 100,000 kila mwezi mambo yangebadilika haraka. Mwezi wa kwanza riba 60,000 na mtaji 40,000, linabaki deni la 160,000. Mwezi wa pili riba ya 160,000 ni 48,000, linabaki 108,000. Wa tatu riba ni 32,400, zinabaki 40,400. Wa nne anamaliza kwa 52,520. Jumla 352,520: bado ni wizi, ila una mwisho. Ndiyo maana wakopeshaji wengi hukataa mtaji ulipwe nusunusu. Watakwambia ulete mzigo wote au ulete riba. Kwa hiyo jambo la kwanza la kupigania, kabla ya kuomba punguzo lolote, ni kukubaliwa kupunguza mtaji, na kila upunguzapo iandikwe. Mkopeshaji akikubali hilo kwa maandishi, nusu ya safari umeimaliza.

Una silaha gani ya kumbana? Iko moja, na watu hawaitumii. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, hata akiwa mtu mmoja na daftari lake. Wakopeshaji wasiopokea amana wamewekwa daraja la pili, chini ya Benki Kuu, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa deni letu la 200,000 hiyo ni 7,000, na yeye anachukua 60,000. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na kuzifungia. Bunda la kadi pale kwenye mashine ni vigumu zaidi kulifungia, kwa kuwa halina jina wala ofisi.

Afrika Kusini walilipitia hili kabla yetu. Huko mkopeshaji wa mtaani anaitwa mashonisa, na kushika kadi na namba ya siri ya mdaiwa kulikuwa kumezoeleka kiasi kwamba Sheria ya Taifa ya Mikopo ya 2005 ilikitaja kitendo hicho waziwazi na kukipiga marufuku. Mashonisa hawakwisha. Lakini mdaiwa alipata neno la kusema mbele ya hakimu.

Mimi siamini kwamba mwalimu wa Mwimbi atamshtaki mkopeshaji wake kesho. Wanaishi jirani, watoto wao wanasoma pamoja, na kesho kutwa atamhitaji tena au anadhani atamhitaji. Ninachoamini ni kwamba mtu asiye na leseni, anayetoza karibu mara tisa ya ukomo, hataki kabisa karatasi zake zifike mahakamani. Analijua hilo kuliko wewe. Ukilitamka mara moja, kwa upole, mbele ya shahidi mnayemheshimu wote wawili, mazungumzo ya kulipa mtaji kidogokidogo yanakuwa mepesi.

Hela ya kulipia itoke wapi? Kwenye 233,000 haitoki, tusidanganyane. Kwa bahati, karibu kila mtumishi wa uwanda huu ni mkulima pia. Amekodi ekari mbili au tatu, amepanda mahindi na maharage, labda na alizeti. Mvua yetu ni moja kwa mwaka, Novemba hadi Aprili, na mavuno yanaingia Mei mpaka Julai, wakati wa baridi. Ufipa fedha ina msimu kama ilivyo kwa mahindi, lakini mkopeshaji anahesabu siku 30. Ukisikiliza vizuri simulizi za madeni ya huku, mengi yamezaliwa kwenye pengo hilo: deni la mwezi mmoja limechukuliwa Januari na mtu ambaye hela yake inakuja Juni.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri ambao kila bwana shamba na kila mzee wa kijiji atakupa. Watakwambia usiuze mahindi wakati wa mavuno, bei iko chini, weka ghalani mpaka Januari. Kwa mtu asiye na deni ni ushauri mzuri. Kwa mwenye kadi bondi ni ushauri wa kummaliza.

Tufanye hesabu. Tuseme Juni gunia la kilo 100 linauzwa 50,000 na Januari litafika 80,000. Una magunia sita ya kuuza. Ukiyauza Juni unapata 300,000, unalipa 260,000, kadi inarudi, na 40,000 inabaki ya usafiri na chumvi. Ukiyaweka mpaka Januari utapata 480,000, yaani 180,000 zaidi, na jirani watakusifu kwa uvumilivu. Lakini toka Juni hadi Desemba umelipa riba mara saba, 420,000, na Januari bado unatakiwa kulipa 260,000 ya kumaliza. Umeyaficha mahindi ili upate 180,000, ukapoteza 420,000. Hakuna bei ya mahindi iliyowahi kukimbizana na asilimia 30 kwa mwezi.

Halafu bei yenyewe haina ahadi na mtu. Waliokuwa na mahindi ghalani 2017 wanakumbuka. Juni mwaka huo serikali ilizuia kupeleka mahindi nje ya nchi, soko likajaa, na bei ikaporomoka Nyanda za Juu Kusini zote, Rukwa ikiwamo. Waliosubiri bei ipande waliisubiri ikishuka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, akija na bei nzuri ni neema, lakini foleni yake ni ndefu na malipo yake hayalingani na tarehe ya mkopeshaji wako.

Kwa hiyo mahindi ya kwanza kukauka ni ya kadi. Yahesabiwe yakiwa bado shambani, magunia sita au manane, na yasihesabiwe tena kama chakula wala kama ada. Angalia tu yasiuzwe yakiwa mabichi. Kuna mnunuzi anayepita Januari na Februari, wakati wa njaa, akitoa 25,000 taslimu kwa gunia utakalompa Julai. Mtwara wenye korosho wanauita mchezo huu kangomba, Kagera wenye kahawa wanauita butura. Kwa gunia litakalouzwa 50,000, huo ni mkopo wa riba ya asilimia 100 kwa miezi mitano au sita, na ukiutumia kulipa kausha damu umehama chumba ndani ya nyumba ileile. Nakiri ni chumba chenye nafuu kidogo. Bado ni chumba cha nyumba hiyo. Angalia na kipimo pia: mnunuzi akikuletea lumbesa, gunia sita zako zitakuwa tano.

Kuna mazungumzo mengine magumu kuliko ya mkopeshaji. Magunia yakitoka ghalani, mama wa nyumba anaona. Yeye ndiye aliyepalilia. Wanaume wengi wenye kadi bondi hawajawaambia wake zao. Wanasema mshahara umechelewa, au benki ina tatizo la mtandao, mwezi wa tatu mfululizo. Wapo na walimu wa kike waliowaficha waume zao. Ghala la mahindi halifichiki namna hiyo. Gunia sita haziwezi kuondoka usiku bila mtu kuuliza, na ukijibu kwa uongo mwingine, msimu ujao hutapata mtu wa kukusaidia kupalilia. Sema kabla ya mavuno, na sema kiasi kamili, pamoja na za simu. Mara nyingi mwenzio naye anadaiwa mahali, na hapo ndipo deni la nyumba linaandikwa lote kwenye karatasi moja kwa mara ya kwanza.

Kwenye karatasi hiyo, panga kwa riba. Wapo washauri wanaopenda uanze na deni dogo kuliko yote ili upate moyo. Mwenye kadi nne zinazokaribiana riba anaweza kujipa moyo hivyo. Hapa tofauti ni kubwa mno. Deni la mtaani linakula asilimia 30 kwa mwezi. Mkopo wa benki, tuseme wa asilimia 15 kwa mwaka, unakula moja na robo kwa mwezi. Kausha damu kwanza, simu zifuate, duka la jirani na mkopo wa rafiki vikae katikati kwa heshima, benki iwe mwisho.

Kama mahindi hayatoshi, kikundi ndicho kinachofuata. VICOBA vilivyoenea nchi nzima vina asili ya vikundi vya akina mama wa Niger vilivyoanzishwa 1991, na kanuni yao ni ileile: hisa, mkopo, mgao mwisho wa mzunguko. Riba ya asilimia 5 au 10 kwa mwezi si ndogo, lakini inarudi kwenye mgao wenu wenyewe. Ukikopa kwenye kikundi kulipa kausha damu, waambie wenzako ndiyo kazi ya mkopo huo. Mkopo wa halmashauri unaoitwa wa asilimia 10, ule usio na riba uliosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, usiuguse kwa jambo hili hata kama mkeo yumo kwenye kikundi kilichoupata. Ule ni wa mradi, na ukishindwa kurejesha utawaponza akina mama wote waliosaini.

Benki ikikubali kukuongezea mkopo, chukua kwa sharti moja: siku hela inapoingia ndiyo siku kadi inarudi. Nimeona watu wakichukua nyongeza kulipa mtaani, wakapita dukani kwanza.

Siku ya kulipa nenda na shahidi, na nenda asubuhi. Hesabu hela mezani. Kabla hajaipokea, omba vitu vitatu viwe mezani pia: kadi, karatasi ya "mauzo" uliyosaini, na daftari lake ukurasa wa jina lako. Aandike amepokea kiasi gani, tarehe, na kwamba hakudai tena. Msaini wote na shahidi. Karatasi ya mauzo ichanwe hapohapo. Akisema ameisahau nyumbani, mfuate nyumbani. Halafu panda gari siku hiyohiyo uende tawini Sumbawanga, ubadilishe namba ya siri, au bora zaidi uombe kadi mpya, kwa sababu namba ya zamani imo kwenye kichwa cha kijana wa bunda. Uliza pia namba ya simu iliyounganishwa na akaunti yako ni ipi. Wapo waliokuta si yao.

Swali huulizwa kama mtu anaweza kuifunga kadi kabla hajamaliza deni. Anaweza. Kadi ni mali ya benki, hata wewe huna haki ya kuiweka rehani, na tawi litakupa nyingine ukieleza kwamba haiko mikononi mwako. Ila deni halifungwi pamoja na kadi, na karatasi ya pikipiki bado iko kwake. Mwambie kwanza, umletee kiasi cha kuanzia, mkubaliane tarehe. Anayeamka na kukuta kadi haifanyi kazi bila neno lolote atakuja nyumbani na watu.

Mwezi unaofuata mshahara utasoma kwenye simu yako mwenyewe, 233,000 na kitu, na hakuna aliyetangulia. Utaonekana mdogo kuliko ulivyoufikiria. Ile 60,000 uliyozoea kuitoa, endelea kuitoa, safari hii ukiielekeza kwenye madeni ya simu mpaka yaishe, kisha kwenye hisa za kikundi, ili Januari ikija na mambo yake ukute una mahali pa kukopa panapojulikana. Fuatilia na slipu kila mwezi. Mei 2021 serikali ilitangaza kuondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani kwenye mikopo ya elimu ya juu, na madeni ya watu wengi yakapungua. Makato ya Bodi yakifika mwisho na bado yanaendelea kukatwa, ni haki yako kudai ulichozidishiwa, na barua hiyo huanzia kwa mwajiri, pale halmashauri, Matai.

Na simu ya afisa mikopo itakuja. Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipopanda kutoka 370,000 hadi 500,000, theluthi za watumishi zilipata nafasi mpya. Benki zinaiona nafasi hiyo kabla yako, na zitakuuliza unataka kiasi gani.